Hewa Iliyobaki Ndani ya Mashine

Watu wa parokia yetu hapa Kolwezi wakinisikia namsema, huniambia nimwache. Wanasema alikuwa mtu mzuri, mtu wa sala, na aliimba vizuri. Kuimba kweli aliimba vizuri, sauti yake ya chini ilijaza kanisa mpaka mlangoni. Lakini mimi nilifanya kazi chini yake miaka mingi kwenye kiwanda cha unga, na sitamwacha. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kuuliza, na leo sina haja ya kujua. Tulimwita Shefu, basi. Hata sasa nikisikia mtu anaitwa Shefu sokoni, mabega yangu hupanda yenyewe.

Kiwanda kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Likasi. Mahindi yaliingia kwa lori upande mmoja, na upande wa pili unga ukatoka ndani ya pakiti za kilo moja, zile anazonunua mama wa nyumba akiwa hana uwezo wa kuchukua mfuko mzima wa unga wa bukari, ugali wetu. Sisi wanawake tulikuwa kwenye mashine ya kufunga pakiti. Plastiki inashuka kutoka kwenye rolo, inajikunja kama mrija mnene, unga unamwagika ndani kutoka kwenye tremi, yaani ule mdomo mpana wa bati juu ya mashine. Halafu taya mbili za chuma, za moto, zinakutana. Zinachoma plastiki ishikane, na kisu kilichojificha katikati yake kinakata. Pakiti inaanguka, nyingine inaanza. Taya hizo hazikusukumwa na umeme. Zilisukumwa na hewa iliyotoka kwenye kompresa iliyokuwa ukutani. Ninalitaja hili mapema kwa sababu sisi hatukutajiwa.

Yeye alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua, na overoli ya bluu iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wa suruali ukasimama. Juu ya overoli alivaa koti, hata wakati wa joto, na akiingia kazini koti hilo alilitundika mahali pamoja siku zote: kwenye koki nyekundu iliyokuwa chini ya kompresa. Sisi sote tulikuwa weupe kwa unga, nyusi, kope, mpaka ndani ya masikio. Yeye alitoka kazini jioni akiwa safi kama alivyoingia. Kwa muda mrefu nilimhesabia huo kuwa ni usafi. Baadaye nikaona kwamba ni mtu asiyeingiza mkono wake mahali popote.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi aliijua. Ningependa sana kuwaambia alikuwa mjinga. Mashine ilipokwama, sisi tuliita buraji, na yeye aliisikia buraji kabla haijatokea. Angekuwa anaongea na dereva kule nje, ghafla anainua kidole kimoja watu wanyamaze, anainamisha kichwa, kisha anakuja mbio na kusema, "Plastiki inavuta ku kushoto. Rolo haikukaa muzuri." Unaangalia, na kweli rolo imesogea. Wakati wa mvua alichukua unga kiganjani akaubana. Ukibaki umeshikamana kama tonge, hakukubali uingie kwenye tremi, kwa sababu unga wenye unyevu hujijengea daraja mle ndani, haushuki, halafu unashuka wote mara moja na kujaa mpaka kwenye taya. Rolo za plastiki hakutaka zilale kwenye sementi. Lile jicho dogo la kioo linaloangalia alama kwenye plastiki alitufanya tulipanguse kila tunapobadilisha rolo, maana likiingia vumbi pakiti hukatwa katikati ya maandishi. Utepe unaofunika taya ulipoanza kuchakaa alijua kwa harufu. "Nusa," alituambia. "Kuna kitu kinaungua, na si chakula ya bibi yako."

"Buraji haianzake pale unaiona," alipenda kusema. "Inaanzaka asubui, saa weye uko unasalimia bantu."

Haya yote yalikuwa kweli, na niliyajifunza kwake, na mpaka leo nayatumia. Simshukuru.

Msemo wake mwingine ulikuwa "Mi sipendi ma-histoire," yaani maneno mengi. Ukimwambia kisu kimepoteza makali, hapendi ma-histoire. Ukimwambia mtoto ana homa, hapendi ma-histoire, halafu baada ya dakika anakuita pembeni na kukwambia nenda nyumbani, nami sitaandika jina lako. Ndivyo alivyokuwa. Kwenye misiba yetu alifika kabla ya ndugu, akabeba mabenchi begani, akaimba mpaka usiku ukaisha. Mama mmoja wa zamu yetu alipofiwa na mume, Shefu ndiye aliyetafuta gari la kupeleka mwili kwao. Watu wanayakumbuka haya, na ndiyo maana wananiambia nimwache.

Sasa nieleze kuhusu kitufe. Mashine ilikuwa na kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa, cha kuisimamisha papo hapo. Kiliwekwa na waliotengeneza mashine ili mtu akione hata akiwa amechanganyikiwa. Lakini kwa Shefu kukibonyeza ilikuwa aibu. Mashine ikisimama ghafla hivyo, plastiki iliyokuwa kwenye taya huungua, taya hupoa, na kuianzisha upya huchukua muda. Kwa hiyo aliyebonyeza kitufe aliitwa mbele asubuhi ya kesho yake, watu wote wamesimama, kabla ya kazi.

"Ba mama, musimame muzuri," angesema. "Leo Mama Arrêt atatufundisha kazi. Mama Arrêt, utuambie, ulisimamisha mashine juu ya nini?"

Watu wanacheka. Na mimi nilicheka, alipokuwa mwingine. Jina hilo la Mama Arrêt, yaani Mama Simamisha, linakufuata wiki nzima, chooni, kwenye foleni ya maji, mpaka nyumbani kama una jirani anayefanya kazi pamoja nawe. Kwa hiyo tulijifunza kutobonyeza. Pakiti ikigandia kwenye taya, tuliivuta kwa kijiti mashine ikiwa inatembea. Unga ukimwagika, tuliuacha ujilimbikize. Tulisubiri.

Tulisubiri umeme ukatike. Mtu wa mahali pengine huenda asielewe hapa. Bwawa la Nzilo liko karibu nasi, maji ya Lualaba yanaanguka pale mchana na usiku, na bado sisi tunakaa gizani, kwa sababu migodi inakula kwanza na mji unakula mabaki. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi amezoea kufanya mambo yake kufuatana na kukatika kwa umeme. Umeme ukienda ndipo anafungua redio iliyoharibika, ndipo anashika waya za ukutani, ndipo anasafisha friji. Kwetu kitu kisicho na courant kimekufa, hakiwezi kukufanya chochote. Mtoto mdogo anajua hivyo.

Shefu aliigeuza tabia hii kuwa utaratibu wa kiwanda. Kwingine umeme ukienda wafanyakazi hukaa chini na kulalamika. Kwetu alipiga makofi. "Haya, ba mama! Courant imetupatia nafasi!" Nasi tukairukia mashine kwa brashi na vitambaa na vijiti, tukaingiza mikono mpaka kwenye kiwiko, tukatoa kila kilichokwama tangu asubuhi. Umeme ukirudi tulikuwa tayari. Hakuna dakika iliyopotea, na mkurugenzi alimsifu mbele ya wageni kwamba laini yake ya mashine haisimami. Shefu alisikiliza sifa hizo akiangalia viatu vyake vinavyong'aa.

Na kwa muda mrefu hakuna aliyeumia. Nilikuja kujua sababu baadaye sana. Mpira wa hewa uliotoka kwenye kompresa ulikuwa mzee, umepasuka mahali, unapiga mluzi kutwa nzima. Umeme ukikatika, hewa yote ilivuja kabla hatujamaliza kutafuta brashi. Ule mluzi tulikuwa tunaulaani kwa sababu ulituumiza masikio.

Msimu mmoja wa mvua, Shefu aliagiza mpira mpya kutoka Lubumbashi. Aliufunga mwenyewe, ndiyo mara pekee niliyomwona ana doa la mafuta. Mluzi ukaisha. Alisimama katikati yetu, amefurahi, akapiga kompresa kibao cha upole kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake.

"Sasa munaona? Hata courant ikienda, hewa inabakia mule. Ikirudi, tunaanza palepale, hatungoye kompresa ijaze."

Hewa inabakia mule. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, na mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumgusa. Lakini nilisikia habari njema ya mashine tu. Sikujua taya zinakula hewa.

Mdogo wangu Régine alikuwa ameingia kiwandani miezi michache kabla. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Alikuwa msichana wa kuchangamka, mwenye mikono myepesi, nyumbani alisuka nywele za mtaa mzima. Alimpenda Shefu. Waliimba kwaya moja, na Shefu alimwita sauti yetu. Wiki hiyohiyo ya mpira mpya Régine alikuwa amebonyeza kitufe chekundu, kwa sababu pakiti zilikuwa zinajikunja, na kesho yake aliitwa mbele. "Mama Arrêt wetu mupya," Shefu alisema, na alisema kwa kutania, kwa sababu alimpenda. Régine alicheka pamoja na wengine. Nyumbani alilia.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo mvua ilinyesha tangu asubuhi, unga ukawa mzito, buraji zikaanza. Régine alivuta kwa kijiti, akavuta, kitufe hakukigusa. Pakiti moja ilikwama kati ya taya, ya pili ikaingia juu yake, ya tatu ikaungua, mpaka likawa donge la plastiki na unga, taya zikalibana lakini zikashindwa kufunga. Hapo umeme ukakatika.

Shefu akapiga makofi. "Haya, ba mama!" Akaja, akainama, akaangalia donge lile bila kulishika. "Ingiza mukono, Régine. Weye bidole byako ni bidogo. Utoe ile yote."

Régine akauliza, "Shefu, haiwezi kunifanya kitu?"

"Courant haiko, mama. Itakufanya nini?"

Akaingiza mkono. Lile donge ndilo lililokuwa limeweka taya wazi, kama gogo linalozuia mlango. Hewa ilikuwa bado inasukuma kwa nyuma, kwa nguvu zake zote, kimya, bila mluzi wa kutuonya. Régine alipolichomoa, hakukuwa na kitu kingine cha kuzuia isipokuwa mkono wake.

Sitaeleza sauti. Nitaeleza alichofanya Shefu, kwa sababu nilikuwa namwangalia. Hakukimbilia mkono wa mdogo wangu. Hakukimbilia kitufe wala swichi. Alikimbia moja kwa moja ukutani, akalitupa koti lake chini, akaizungusha ile koki nyekundu, hewa ikatoka kwa kishindo na taya zikalegea. Kisha akarudi, akambeba Régine mikononi mwake kama mtoto, akatoka naye kwenye mvua mpaka kwenye gari, damu ikitiririka kwenye overoli yake iliyopigwa pasi. Alifanya hivyo, siwezi kukana.

Vidole viwili havikurudi, na cha tatu hakikunjiki tena.

Mkurugenzi aliita mkutano ofisini kwake, Shefu akaulizwa. Alisimama, kofia mkononi. Alisema kwamba alimwambia Régine asafishe taratibu, na yeye akafanya haraka. Alisema hakuna aliyejua kwamba hewa inaweza kubaki.

"Hata mi sikujua," alisema. "Kama ningelijua, ningemuacha mutoto wa kwaya yangu aingize mukono?"

Mimi nilisimama bila kuruhusiwa. "Shefu, kama haukujua, juu ya nini ulikimbia ku koki?"

Akanigeukia kwa upole mkubwa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na nadhani yalikuwa machozi ya kweli, jambo linalonifanya nimchukie zaidi.

"Mama, ni Mungu alinionesha. Mi mwenyewe sijue. Ni Mungu."

Watu wote ofisini wakainamisha vichwa. Nilisema habari ya mpira mpya, nilisema aliyotuambia siku ile, nilipaza sauti, mkurugenzi akaamuru nitolewe nje. Ikaamuliwa kwamba ajali ilitokana na haraka ya mfanyakazi. Nikahamishiwa kufagia ghala, na sikukaa sana, niliondoka.

Lakini mtu aliyemwamini Shefu kuliko wote alikuwa Régine mwenyewe. Alipokuwa hospitali, Shefu alifika kila jioni. Alimletea supu ya kuku iliyopikwa na mke wake, akamwimbia kwa sauti ndogo, akasali naye. Régine akarudi nyumbani akiwa na shukrani. "Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "bila Shefu mukono yote ingeisha. Mungu alimutumia. Mi ndiye nilikuwa na haraka." Nilimwambia si hivyo. Nilimwambia mara nyingi, kwa maneno mazuri na kwa maneno mabaya, mpaka siku moja aliniomba nisimseme tena Shefu ndani ya nyumba yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kumpoteza, na hilo ndilo ninalomdai mtu huyu. Msichana aliyefanya kila kitu kwa wepesi akaanza kuogopa mikono yake. Akiteka maji, anakagua mpini wa ndoo, anaondoka, anarudi kuukagua tena. Régine alikataa kumpakata mtoto wa jirani, alisema atamwangusha. Kusuka aliacha, hata kule ambako vidole vilivyobaki vingetosha. Mkono wenyewe aliuficha ndani ya kitenge, kanisani, sokoni, hata tukiwa wawili. Mtu akimwuliza imekuwaje, alijibu bila kusita: "Ni haraka yangu." Watoto wa kaka yetu wakawa wanakatazwa kukimbia kwa kutajiwa jina lake. Alikuwa akiwasikia, na aliitikia kwa kichwa.

Miaka ikapita. Tukafungua meza yetu ya biashara, sukari, chumvi, sabuni, unga wa uji. Tulisikia kwamba Shefu ameacha kiwanda, amehamia Fungurume, ana mashine yake ndogo aliyoinunua ikiwa imeshatumika, anafunga unga wa soya kwa ajili ya uji wa watoto. Régine akataka twende tukanunue kwake.

"Unga yake ni ya muzuri, Yaya. Na ni muntu wetu."

"Wako," nilimjibu.

Nilienda kwa sababu sikutaka aende peke yake. Karakana yake ilikuwa nyuma ya mahali malori ya shaba yanapopumzika, chumba kimoja cha matofali, mlango wazi, vumbi jekundu mpaka kizingitini. Ndani alikuwa yeye, amezeeka, nywele nyeupe, overoli ileile ya bluu yenye mkunjo. Kwenye mashine alikuwa amesimama msichana wa umri ule Régine aliokuwa nao wakati ule. Alimwita tata, kwa hiyo nilijua ni binti yake. Wote wawili walikuwa wametupa mgongo. Mlio wa mashine ulikuwa mkubwa, hawakutusikia, nasi tukasimama mlangoni kusubiri.

Nilitazama ukuta kwanza, sijui kwa nini. Kompresa ilikuwa pale, na chini yake koki, imepakwa rangi nyekundu mpya. Hakuna koti lililotundikwa juu yake.

Mashine ikakohoa, pakiti zikaanza kujikunja kwenye taya. Yule msichana akabonyeza kitufe mara moja, bila hofu, na Shefu hakusema kitu. Hata hivyo donge lilikuwa limeshakaa. Na kama ilivyo kawaida ya nchi hii, wakiwa bado wanaliangalia, taa ikazimika, umeme ukaenda. Kukawa kimya. Msichana akanyoosha mkono.

"Hapana!" Shefu akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. "Hapana, mama yangu. Hewa kwanza. Enda uzungushe koki, hewa itoke."

"Tata, courant haiko."

"Courant haiko, lakini hewa iko. Hewa haijue courant. Ngoya itoke yote, usikilize mpaka inyamaze, kisha uguse taya na kijiti. Kama hazichezi, ndipo unaingiza mukono."

Msichana akacheka kidogo, kama watoto wanavyocheka wazazi wao waoga. "Weye tata unaogopaka sana. Ile nani alikufundisha?"

"Banatufundishaka bote," Shefu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivunia ujana wake. "Mi nilijifunzaka ile ku atelier ya mugodi, kule banatengenezaka mashine, bado kijana, mbele ya kuoa mama yako. Ni kitu ya kwanza kabisa banakuonesha. Hewa kwanza, mukono kisha."

Hewa ikatoka kwa kishindo kilekile. Nilisikia Régine akivuta pumzi kando yangu. Nilitaka kuingia, nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka yote hiyo, maneno machafu, na nilikuwa nimeshanyanyua mguu. Régine akanizuia. Alinizuia kwa ule mkono, uliokuwa umetoka ndani ya kitenge.

Shefu akageuka. Alituona, aliuona mkono, na uso wake ukasawijika. Akainua kidole chake kimoja, kama zamani alipotaka watu wanyamaze asikilize mashine, lakini hakukuwa na mashine ya kusikiliza.

"Régine," akasema. "Mwanangu. Mungu..."

"Tata, Mungu umuache," Régine akasema.

Hakupaza sauti. Akamgeukia yule msichana, ambaye alikuwa amesimama na mkono wake mzima juu ya koki nyekundu, haelewi kinachoendelea.

"Umusikilize tata yako, mudogo yangu," akamwambia. "Anaijua ile kazi. Anaijuaka zamani."

Tukaondoka bila unga. Shefu hakutufuata. Mimi ningesema mengine, na sijamsamehe, na sitamsamehe akija kuimba kwenye msiba wangu mwenyewe. Malori yalikuwa yanapita, vumbi limejaa, na Régine alitembea mbele yangu, ule mkono ukining'inia wazi pembeni mwake.

"Yaya," akasema, "basi haikuwa haraka yangu?"

"Haikuwa."

Aliniuliza tena tulipofika kwenye gari, na tena tulipokuwa njiani kurudi Kolwezi, kwa maneno yaleyale, kama mtu anayekagua mpini wa ndoo. Kila mara nilimjibu.